NGOMA NI YA WATU, KITI NI AMANA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wasikilizaji huko Sengerema. Inachapwa hapa kama ilivyosomwa, ili na wenzetu wa visiwani wapate kuisoma.)

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu, na vijana mliokuja kusikiliza,

Tumeombwa tuseme machache juu ya wafalme, viti vya enzi na nguvu ya utawala. Sisi ni watu wa duka na mizani. Elimu yetu ni ya chuoni, ya msahafu na ubao, wala hatudai kuwa wataalamu wa tarekhe. Lakini mwenye duka hujifunza jambo moja ambalo na wafalme wangefaa kujifunza: ukilipunguza jiwe la mizani kwa siri, mnunuzi anaweza kukaa siku nyingi asijue, bali siku atakapojua hagombi wala hapigi kelele, huondoka tu, asirudi tena.

Ndugu zetu, kuna swali moja ambalo tungependa mlifikiri pamoja nasi. Mwanzoni mwa mwaka 1963 serikali ya Tanganyika iliondoa kwa sheria mamlaka ya watemi na machifu wote, tangu Usukuma hata Uchaga, tangu Buhaya hata Uhehe. Viti vilivyokaliwa vizazi kwa vizazi vilikwisha nguvu kwa karatasi moja. Mbona hapakuwa na vita? Mbona ngoma hazikupigwa kuwaita watu watoke na mikuki? Tena aliyekuwa Rais wakati huo, Mwalimu Nyerere, yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Wapo wasemao kuwa watu waliogopa. Sisi twasema sivyo. Watu walikuwa wamekwisha kuondoka dukani siku nyingi kabla mlango haujafungwa.

Ili tulifahamu jambo hilo hatuna budi kurudi nyuma, tutazame mfalme alikuwa nani katika pwani hii ya ziwa.

Hapa tulipo ni nchi ya Uzinza. Karumo na Buchosa zilikuwa na watawala wao, nao Wazinza walitawaliwa na ukoo wa Wahinda, ambao ni jamaa ya watawala wa Karagwe na nchi nyingine za magharibi ya ziwa. Mafundi wa chuma wa Uzinza, yaani Warongo, walifua majembe yaliyochukuliwa mpaka Usukuma na mbali zaidi. Jembe hilo lililimia na jembe hilo lilitolea mahari. Basi msidhani utawala ulisimama juu ya ngozi ya chui peke yake. Ulisimama juu ya mkulima na juu ya mfua chuma.

Kwa upande wa pili wa ghuba, kwa Wasukuma, mtawala aliitwa ntemi. Wazee hulieleza jina hilo kwa neno kutema, yaani kukata. Baadhi yao husema ni yule aliyekata msitu wa kwanza watu wakapata pa kukaa, na baadhi husema ni yule anayekata mashauri. Kwa maana zote mbili, ndugu zetu, jina hilo ni jina la kazi. Halina maana ya kuketi wala ya kulishwa.

Tena sikilizeni namna alivyopatikana. Kwa desturi ya zamani katika nchi nyingi za Usukuma, mtoto wa ntemi hakurithi kiti cha baba yake. Kiti kilikwenda kwa upande wa mama, aghlabu kwa mtoto wa dada. Wale wana wa watemi, waliokuwa wamekulia ndani ya ikulu na kuzijua siri zake zote, ndio waliofanywa banang'oma, yaani wana wa ngoma. Kazi yao ilikuwa kumchagua mtawala na kumwangalia. Mtu asiyeweza kukipata kiti ndiye aliyepewa kazi ya kukilinda. Je, hiyo si hekima? Nani ataiangalia amana vizuri kuliko yule ajuaye kwamba haitakuwa yake kamwe?

Na mvua zikikataa, njaa ikaingia, ntemi aliulizwa. Akishindwa, aliweza kuondolewa na mwingine akawekwa. Kijana wa leo atacheka kwamba mtu mmoja aulizwe habari za mawingu. Lakini na atazame maana iliyo chini ya jambo hilo: kulikuwa na siku ambayo mkubwa kuliko wote ilimpasa kusimama mbele ya watu wake na kujibu.

Ndiyo sababu katika nchi zote za Maziwa Makuu utawala uliitwa ngoma. Kule Ankole ngoma yao, Bagyendanwa, ilikuwa na nyumba yake na ng'ombe wake. Kule Rwanda walikuwa na Kalinga. Mfalme hufa, ngoma haifi. Mtu hupita, kiti kinabaki. Na sisi watu wa pwani hatukuwa mbali na fikira hiyo. Pate walikuwa na siwa ya pembe ya ndovu, Lamu walikuwa na siwa ya shaba, na Mwinyi Mkuu wa Dunga kule Unguja alikuwa na ngoma na siwa zake, zilizobaki baada ya yeye na nyumba yake kutoweka. Wa mwisho wao alifariki mwaka 1873. Hata kile tunachokiita kiti cha enzi, cha mpingo na pembe, kiliwekwa katika nyumba za wakubwa ili kimtukuze aketiye. Lakini fundi aliyekichonga alijua kwamba kitakaliwa na mwingine kesho.

Kuna na jambo jingine linalounganisha bahari na ziwa. Watemi wa Unyamwezi na Usukuma walivaa kibangwa, kisahani cheupe kilichokatwa katika kombe la bahari, kikachukuliwa na misafara kutoka pwani. Pwani watoto hukanyaga makombe wasiyaangalie. Huku bara kombe lile lile lilikuwa alama ya utawala. Kwa nini? Kwa sababu watu walikubaliana kuwa ni alama. Thamani ya kitu hiki haikuwa katika kitu chenyewe, ilikuwa katika ridhaa ya wanaokitazama. Nasi wafanyabiashara twalijua hilo vizuri, kwani noti mfukoni mwetu nayo ni karatasi.

Wale waliosoma chuoni watakikumbuka kisa cha Talut katika Suratul Baqara. Bani Israili walipotaka mfalme, wakapewa Talut, walilalamika kwamba hana mali. Na alama ya ufalme wake ilikuwa kurudishiwa lile sanduku walilolitukuza wote. Hakuletewa taji la dhahabu wala jeshi. Kililetwa kitu kilichokuwa cha umma mzima, na kwa hicho wakamtambua. Basi tangu hapo ilikwisha kuonyeshwa kwamba utawala wa haki hujulikana kwa amana iliyo ya watu wote.

Sasa, ndugu zetu, tutazame jinsi kiti kinavyooza.

Mtu akitoka hapa kwenda Mwanza leo hupita Busisi, na tangu Juni 2025 huvuka kwa daraja la kilomita 3 mpaka Kigongo. Karibu na upande ule wa pili ndiko Bukumbi, palipokuwa na misheni ya mapadre wa Kifaransa. Huko ndiko alikokimbilia mfalme mkubwa kuliko wafalme wote wa ziwa hili. Kabaka Mwanga wa Buganda alikalia kiti mwaka 1884 akiwa kijana. Aliua watu wa dini, akamwua na Askofu Hannington mwaka 1885, na mwaka 1888 Wakristo na Waislamu wa Buganda, ambao hawakupatana kwa mengi, walipatana kwa hilo moja: wakamwondoa. Akavuka ziwa kwa mtumbwi, akafika Magu, kisha akapokewa Bukumbi.

Mfikirieni mfalme huyo katika kibanda cha misheni, hana ngoma, hana banda la mashauri, hana mtu wa kumpigia magoti ila wachache waliomfuata. Hapo alikuwa na nafasi ya kujiuliza kwa nini watu wamemkataa. Lakini alipata msaada mwingine. Mfanyabiashara wa Kizungu, Charles Stokes, aliyefanya biashara ya pembe na bunduki katika pande hizi, alimpa chombo na silaha. Wakristo wa Buganda wakapigana kwa ajili yake. Na mwanzoni mwa mwaka 1890 Mwanga alikuwa amekwisha kurudi kitini.

Alirudi, ndiyo. Lakini alirudi akiwa na deni, na sisi wenye daftari la mikopo twajua mdeni hulala vipi. Nguo ya kuazima haisitiri matako. Desemba mwaka ule ule alitia sahihi mkataba wa Lugard wa Kampuni ya Kiingereza. Mwaka 1897 alipotaka kuutupa mzigo huo akapigana na Waingereza, alishindwa, akakimbilia nchi ya Wajerumani, wakamkamata; akatoroka, akapigana tena, akashindwa tena. Mwaka 1899 alipelekwa Shelisheli, na huko akafariki mwaka 1903. Aliyewekwa na bunduki za wengine aliondolewa na bunduki za wengine.

Wala wenzetu wa visiwani wasidhani kwamba hayo ni ya bara tu. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zilipiga jumba la Unguja kwa sababu Sayyid Khalid bin Barghash alikuwa ameingia kitini bila idhini ya Balozi wao. Vita vile havikufika saa moja. Watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa upande wa jumba, Sayyid Khalid akakimbilia kwa Wajerumani, na Sayyid Hamoud bin Muhammad akawekwa. Tangu siku ile kila aliyekikalia kiti cha Unguja alijua kwamba mlinzi wake yumo baharini, hayumo mjini. Mfalme anayelindwa na manowari hana haja ya kuwauliza raia zake kama wamekula. Na manowari ilipokwenda zake, Desemba 1963, kiti kile hakikudumu hata siku 40. Tarehe 12 Januari 1964 kiliangushwa, na damu nyingi ikamwagika, ya wengi ambao hawakuwahi kukalia hata kigoda cha mtu mkubwa. Sultani Jamshid bin Abdullah aliishi ugenini, akafariki Oman mwishoni mwa mwaka 2024.

Tukirudi huku kwetu, mambo yalikwenda polepole zaidi, lakini njia ilikuwa hiyo hiyo. Wajerumani waliwaondoa watawala waliowachukia na kuwaweka waliowapenda. Waingereza wakaja, na mwaka 1926 wakatunga sheria ya utawala wa wenyeji. Ntemi akawa na mshahara, daftari la kodi, mahakama na tarishi. Kwa macho alizidi kuwa mkubwa. Kwa hakika alikuwa amepungua, maana zamani akishindwa aliulizwa na banang'oma, na sasa akishindwa aliulizwa na Bwana Shauri. Watu wakapoteza haki ya kumwuliza, naye akapoteza sababu ya kuwaogopa.

Baada ya vita vikuu vya pili zikaja amri za kilimo na mifugo: punguza ng'ombe, piga matuta, lipa ushuru wa mifugo. Huenda nyingine zilikuwa na faida kwa ardhi, hatutaki kudhulumu. Lakini ni nani aliyetumwa kuzitangaza na kuwatoza faini wasiozitii? Ni ntemi. Yule aliyekuwa akiombea watu mvua akageuka kuwa mkono wa boma. Tangu mwisho wa 1954 mpaka 1958 TANU ilikatazwa kufanya kazi Usukumani, na walio wengi katika watemi wakakaa upande wa boma.

Ndipo ukafika mwaka 1958. Sengerema ilikuwa katika Wilaya ya Geita siku hizo. Serikali ilitaka kuweka Geita baraza la mchanganyiko wa mataifa, Wazungu na Wahindi wapewe viti humo pamoja na Waafrika, katika wilaya ambayo karibu watu wake wote walikuwa Waafrika wakulima. Watu walikataa. Walikataa baraza, na kwa kulikataa baraza waliwakataa na watemi waliolikubali. Wakaenda Mwanza kwa miguu, wakakaa huko wakidai kusikilizwa, wakatupiwa moshi wa kutoa machozi. Mwishowe serikali ilishindwa, na baraza lile likaachwa.

Hilo ndilo jibu la swali letu, ndugu zetu. Sheria ya mwaka 1963 iliandika tu kile ambacho miguu ya watu wa Geita ilikwisha kukiandika katika njia ya Mwanza miaka mitano kabla.

Na atakayebisha kwamba nguvu ndiyo huondoa viti, atazame Buganda tena. Mwezi Mei 1966 jeshi la Serikali ya Obote lilipiga jumba la Kabaka Mutesa wa Pili. Akakimbia, akafariki London mwaka 1969. Lakini Waganda hawakuwa wamekiacha kiti chao mioyoni. Mwaka 1993, baada ya miaka 27, Kabaka Mutebi wa Pili alitawazwa, ijapokuwa bila mamlaka ya serikali. Mizinga haikuweza kuua kitu ambacho watu walikitaka, na huku kwetu hapakuhitajiwa hata risasi moja kuondoa kitu ambacho watu walikwisha kukiacha. Leo ngoma na viti vya watemi wa Usukuma vinatazamwa Bujora, katika jumba la makumbusho lililoanzishwa na Padre David Clement. Na banda la ngoma hizo limejengwa kwa umbo la kiti cha utemi. Ni vizuri vitazamwe. Ngoma ile ingali na sauti; waliokwisha ni wale wa kuiitikia.

Waandishi wetu nao wameliona jambo hili. Shaaban Robert katika Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951 tungali chini ya Mwingereza, alimsimamisha Karama mbele ya mfalme na mawaziri wake, akamfanya mshitakiwa aseme na mfalme asikilize. Utukufu wa mfalme wa kitabu kile ni masikio yake, wala hauko katika taji. Mwalimu Nyerere naye, mwaka ule ule wa 1963 ambao machifu waliondolewa, alitoa tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare wa Juliasi Kaizari. Humo wale waliomchoma Kaizari kwa kuogopa ufalme hawakupata uhuru. Walipata vita, kisha Kaizari mwingine. Kumwondoa mtu si kukitengeneza kiti. Na katika kisiwa cha Ukerewe, Aniceti Kitereza, mtu wa ukoo wa watawala wa huko, alikaa miaka mingi akiandika kwa Kikerewe kitabu kikubwa, kisha akakifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikapigwa chapa mwaka 1980. Mjukuu huyo wa wafalme hakuandika habari za kiti cha babu zake. Aliandika habari za Bwana Myombekere na mkewe Bibi Bugonoka, watu wawili wa kawaida, ugomvi wao, mashamba yao na hamu yao ya kupata mtoto. Twaona kwamba alijua nchi ni nini.

Ndugu Mwenyekiti, sasa tunafika pale ambapo maneno haya yanatuhusu sisi tulio katika chumba hiki.

Katika mkutano ujao wa tawi tutaletewa shauri kwamba kiti chako kisipigiwe kura tena, bali ukikalie maadamu uhai upo, kwa kuwa umetumika vizuri na kwa kuwa uchaguzi huleta fitina. Wanaosema hivyo ni ndugu zetu, nao wanasema kwa mapenzi. Nasi twakuheshimu, na kwa sababu twakuheshimu twasema mbele ya uso wako, hatusemi barazani nyuma ya mgongo wako: shauri hilo tutalipinga.

Hatulipingi kwa kuwa umekosa. Twalipinga kwa kuwa hujakosa. Mtu aliyetumika vizuri hana haja ya kufichwa na macho ya waliompa kazi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Na sisi hatutaki kuwa ndio tutakaokusifu mpaka uharibike, kisha tukulaumu. Mwanga hakuzaliwa akiwa adui wa watu wake. Watemi wa Geita hawakuzaliwa wakiwa matarishi wa boma. Kila mmoja wao alifika mahali ambapo hapakuwa tena na mtu wa kumwuliza, na kuanzia hapo hesabu ikaanza kupotea.

Chama chetu ni chama cha upinzani. Kila siku tunawaambia wenye serikali kwamba kiti si mali yao. Je, tutawaambia kwa kinywa gani, kama katika chumba hiki kidogo, chenye benchi sita na taa moja, tumeshindwa kuishi kwa neno hilo? Wale tunaowalaumu wakituuliza, tutajibu nini?

Basi kila aketiye, awe wa serikali, wa ushirika wa pamba, wa msikiti, wa kanisa au wa chama, na aulizwe maswali matatu. Ni nani aliyekuweka? Ni nani awezaye kukuondoa? Na ukikosa, unamwogopa nani? Akijibu yote matatu kwa kusema, "Ninyi," basi huyo ameketi salama, hata kama kiti chake ni kigoda cha mguu mmoja uliovunjika. Akitaja mwingine, awe manowari, awe boma au awe tajiri wa mjini, basi kiti hicho kimekwisha kuoza, na kinangoja siku tu.

Uchaguzi huleta fitina, ni kweli. Kupima nako huleta maneno dukani. Kila siku yuko mnunuzi asemaye kwamba kibaba hakikujaa. Lakini mwenye duka anayefunika mizani yake kwa kitambaa ili asisikie maneno, huyo hatuna haja ya kusema mwisho wake.

Tuliyoyasema ni hayo. Yaliyo ya haki yachukueni, na yenye upungufu tusahihisheni, kwani tuko hapa na tunaulizika.

Wassalaam.